Umebadilisha Injini? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Rikoli za Gari Lako

Gari likishafungwa injini iliyotoka kwenye gari lingine, linakuwa na nasaba mbili. Bodi ina ukoo wake, injini ina ukoo wake, na kila ukoo unaweza kuwa na kasoro ambayo kiwanda kilishaitangaza.

Ninaowaona hapa Ngamiani, Tanga, wanakosea sehemu zilezile tatu. Wa kwanza anaingiza namba ya injini kwenye kisanduku kinachotaka namba ya chasi, ukurasa unamkatalia, anaacha. Wa pili anaingiza namba ya chasi ya gari lake, anaambiwa hakuna kitu, anarudi nyumbani akiamini kwamba injini aliyofunga juzi nayo imepita. Wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi: anaona gari lake lina rikoli, anasema, "Ah, hiyo ilikuwa ya injini ya zamani," wala hakusoma kwamba rikoli ile ni ya eabegi.

Rikoli, kwa asiyelizoea neno, ni tangazo la kampuni iliyotengeneza gari kwamba kundi fulani la magari lina kasoro na yarudishwe yarekebishwe bila malipo. Tangazo hilo hufuata namba ya chasi. Kampuni haijui kwamba fundi wako aling'oa injini Jumamosi akaweka nyingine. Kuziunganisha nasaba hizo mbili ni kazi yako mwenye gari, na inawezekana kuimaliza kwa siku moja ukiwa na vitu sahihi mkononi.

## Andaa hivi kwanza

- Kadi ya gari, au nakala yake inayosomeka.
- Tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na chaki nyeupe, kwa ajili ya kusoma namba zilizopigwa kwenye chuma.
- Risiti ya injini, ikiwezekana ya EFD, yenye jina la duka na tarehe.
- Namba ya chasi ya gari ilikotoka injini. Kuanzia hapa nitaliita gari mama. Wengi hawana namba hii. Hatua ya 2 inaeleza namna ya kuitafuta.
- Simu yenye intaneti, na kivinjari kinachoweza kutafsiri ukurasa wa Kijapani.
- Fundi aliyefunga injini, au angalau namba yake ya simu. Anayokumbuka kichwani hayapo kwenye karatasi yoyote.
- Daftari gumu litakaloishi ndani ya gari.

## Hatua ya 1: Soma namba kwenye chuma

Usiinakili kutoka kwenye kadi peke yake. Kosa la herufi moja lililofanyika miaka minane iliyopita litakupa jibu la gari la mtu mwingine.

Magari mengi ya huku yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na namba zake za chasi ni fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha namba ya mfululizo. IST ya cc 1,500 inaanza na NCP61, Spacio ya toleo la pili NZE121, Harrier ya cc 2,400 ACU30, Noah ya zamani AZR60. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya lina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ndani ya namba hiyo ndefu hakuna herufi I, O wala Q, kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Ukiiona O kwenye kadi ya gari la namba 17, jua ni sifuri.

Fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi kuna kibati kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na namba yenyewe imepigwa kwenye chuma, ama kwenye ukuta huo ama chini ya siti ya mbele. Hapa pwani chumvi inaila hiyo sehemu mapema. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha pakauke, sugua chaki juu yake, kisha pangusa juujuu. Chaki itabaki kwenye mifereji ya namba na utaisoma vizuri.

Usitumie brashi ya waya wala msasa. Namba ya chasi yenye mikwaruzo italeta maswali mazito polisi, hata kama ulikuwa unaitafuta kwa nia njema.

Namba ya injini imepigwa kwenye bloku, mara nyingi karibu na pale bloku inapokutana na gia boksi. Pamoja nayo kuna jina la injini: 1NZ, 2AZ, 1AZ, 1KZ. Andika vyote viwili.

Hatua hii imekamilika ukiwa na picha mbili zinazosomeka, na chasi ya kwenye chuma inalingana na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini haitalingana na kadi kama hujapeleka taarifa TRA, tutafika huko. Lakini ukikuta namba ya injini imesagwa au imepigwa upya juu ya nyingine, simama hapo hapo na umrudie muuzaji na risiti yako. Hilo si suala la rikoli tena.

## Hatua ya 2: Litafute gari mama

Watu hurukia hatua ya 4 na kuiacha hii kwa sababu ina usumbufu. Bila hii, kazi yote inayofuata ni nusu.

Sababu ni kwamba kurasa za kampuni hazitafuti kwa namba ya injini. Na jina la injini peke yake halitoshi. Chukua 1NZ-FE, injini inayofungwa sana hapa mjini. Toyota waliiweka kwenye IST, Probox, Spacio, Allion, Funcargo, Raum, bB na magari mengine. Kwa macho ni injini moja. Lakini ile ya Probox iliyotoka kiwandani mwaka fulani inaweza kuwa ndani ya rikoli ambayo ile ya Allion haimo. Kujua "nimefunga 1NZ" ni sawa na kujua kwamba mgeni anatoka Muheza bila kujua ni mtoto wa nani.

Njia ya uhakika kabisa ni kwa aliyenunua injini ikiwa bado kwenye pua ya gari iliyokatwa. Kibati cha chasi kiko pale pale kwenye ukuta. Kipige picha kabla fundi hajashika spana, kwa sababu pua ile ikishaondoka na wauza chuma chakavu, namba imeondoka nayo. Kama wewe ndiyo kwanza unapanga kununua, lipa tofauti ndogo uchukue pua badala ya injini tupu. Ndiyo ushauri ninaoutoa kila mara.

Ukinunua injini peke yake, iwe Gerezani Dar es Salaam au dukani hapa Tanga, iangalie kabla haijaoshwa. Wabomoaji wa Japani mara nyingi huandika juu ya kava kwa kalamu ya rangi, au hufunga kikaratasi kwenye waya: aina ya gari, wakati mwingine chasi, wakati mwingine kilomita. Vijana wa gereji hupenda kuiosha injini ing'ae kabla mwenye gari hajaiona. Waombe wasubiri upige picha.

Kisha mwombe muuzaji orodha ya mzigo. Injini ilikuja kwenye kontena, na kontena lilikuja na karatasi. Wauzaji wengine wanayo na wako tayari kukuonyesha mstari mmoja. Muulize siku ya kulipa, pesa ikiwa bado mkononi mwako. Baada ya mwezi jibu huwa gumu kupatikana.

Njia nyingine ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, iliyokuja nayo. Igeuze usome lebo. Ya Toyota ina namba inayoanza na 89661, maana yake ni kontroli boksi ya injini, kisha kistari na tarakimu tano. Mbili za kwanza kati ya hizo tano kwa kawaida hukuonyesha ukoo wa gari: 12 ni Corolla, 52 ni ukoo wa Vitz, 42 ni RAV4, 48 ni Harrier. Haikupi chasi, lakini inakutoa kwenye magari kumi hadi mawili au matatu.

Mwisho, peleka namba ya injini kwa wakala rasmi wa kampuni na uombe wajaribu kuitafuta kwenye mfumo wao wa vipuri. Usiende bila picha.

Umefaulu ukiwa na chasi nzima ya gari mama. Ukikosa, andika ulichopata: aina ya gari na miaka inayokaribia. Hatua ya 5 ina njia ya kutumia hicho hicho kidogo.

## Hatua ya 3: Andika kilichobaki na kilichohama

Fundi anapobadilisha injini, habadilishi kila kilicho juu yake. Huchukua alternata ya zamani kwa sababu ya mtumba imechoka. Huhamisha koili, injekta, manifodi, sensa, kompresa ya AC. Huacha waya za zamani na kontroli boksi ya zamani, au huweka za gari mama. Akimaliza, gari linawaka, na hakuna aliyeandika lolote.

Rikoli hufuata kipande. Mifano hii minne inatosha kukuonyesha.

Mwaka 2010 Toyota ilitangaza rikoli ya Corolla za miaka ya 2005 hadi 2008 Marekani na Kanada, zenye injini ya 1ZZ-FE, kwa sababu ya nyufa kwenye kontroli boksi. Kasoro haikuwa kwenye chuma cha injini. Aliyefunga injini hiyo na kubaki na kontroli boksi yake ya zamani hakuchukua tatizo lile. Aliyechukua na boksi yake alilibeba lote.

Mwaka huo huo Toyota ilitangaza rikoli ya Crown na Lexus kadhaa kwa sababu ya springi za valvu. Springi ziko ndani ya kichwa cha injini. Ukihamisha injini, umezihamisha.

Mwaka 2018 Subaru ilifanya vivyo hivyo kwa Forester, Impreza na nyingine, hasa za 2012 na 2013, magari takriban 400,000 duniani, pia kwa springi za valvu. Springi ikivunjika, injini inaweza kuzima ukiwa barabarani. Kuzibadilisha ni kazi ya kuishusha injini. Sasa fikiria: injini ya Forester imekaa chini kwenye turubai, haijafungwa. Kama ungeijua rikoli siku hiyo, kazi ingefanyika palepale. Ukijua baada ya kufunga, unalipia kuishusha mara ya pili.

Na tangu 2020 kumekuwa na rikoli za pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso, kwa Toyota, Honda, Subaru na wengine. Pampu hiyo iko ndani ya tangi, nyuma ya gari. Badilisha injini mara tatu, pampu ni ile ile.

Kwa hiyo kaa na fundi wako, mnunulie chai, mwulize kipande kimoja kimoja. Gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu: vya bodi yangu, vilivyokuja na injini, vilivyohama kutoka injini ya zamani. Vya kuuliza ni kontroli boksi, waya, gia boksi, koili, injekta, pampu ya maji, alternata, mota ya kuwashia, kompresa, turbo kama ipo, na mipira ya mafuta. Asipokumbuka kipande, andika "haijulikani". Usimlazimishe kubahatisha, maana akibahatisha utaamini.

Kwenye haibridi orodha inaongezeka: inveta na betri kubwa. Hizi kwa kawaida hubaki na bodi, lakini uliza.

## Hatua ya 4: Tafuta rikoli za bodi yako

Fungua ukurasa wa rikoli wa kampuni yako, wa nchi ambako gari liliuzwa kwa mara ya kwanza. Hapa ndipo wengi hupotea. Gari la Japani hutafutwa kwenye ukurasa wa Toyota, Nissan, Honda, Mazda, Subaru au Suzuki wa Japani. Ukurasa wa serikali ya Marekani, wa NHTSA, unataka namba ya tarakimu 17, na ukiingiza NCP61 yako utakataliwa bila kosa lako. Gari lililotokea Uingereza hutafutwa kwa namba ya usajili iliyokuwa nayo kule, kwa hiyo ichukue kwenye karatasi za kuingizia gari nchini.

Kisanduku cha Wajapani kwa kawaida kina sehemu mbili: kabla ya kistari na baada ya kistari. Usiandike kistari chenyewe. Tumia tarakimu za kawaida.

Majibu huja ya aina tatu, na tafsiri ya simu huyachanganya. Ya kwanza ni rikoli kamili: gari halitimizi masharti ya usalama ya nchi ile, au liko hatarini kutoyatimiza. Ya pili ni hatua za kuboresha, ambapo sheria haikuguswa lakini usalama unaguswa. Ya tatu ni kampeni ya huduma, zaidi ya ubora. Andika zote tatu. Ukibanwa na pesa, shughulikia kwa mpangilio huo.

Kila tangazo lisome mpaka kwenye sehemu ya kasoro. Kichwa cha habari hakitoshi. Piga picha ya jibu ikiwa na tarehe, hata kama jibu ni "hakuna". Kumbuka maana ya "hakuna" hiyo: hakuna kwa chasi hii mpaka leo. Haisemi neno juu ya injini uliyofunga.

## Hatua ya 5: Tafuta rikoli za injini kupitia gari mama

Kama una chasi nzima ya gari mama, rudia hatua ya 4 kwa namba hiyo. Ndiyo, unatafuta gari ambalo halipo tena duniani. Rekodi zake bado zipo.

Kama huna chasi nzima, tumia orodha ya wizara ya usafiri ya Japani, inayotafutwa kwa jina la gari na kipindi lilipotengenezwa. Kila tangazo huko linataja aina ya gari, masafa ya namba za chasi, tarehe za kutengenezwa, mfumo wenye kasoro na namna ya kurekebisha. Pitia yale ya injini tu, kwa magari yaliyobaki kwenye orodha yako ya hatua ya 2.

Onyo moja kubwa: matangazo hayo yenyewe husema kwamba ndani ya masafa ya namba yamo pia magari yasiyohusika. Kuwa ndani ya masafa kunamaanisha "huenda". Usiende kununua springi mpya kwa sababu ya "huenda". Nenda ukaangalie kipande chenyewe.

Kama gia boksi ilikuja na injini, isome nayo. Honda Fit haibridi iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013 ilitangaziwa rikoli 5 ndani ya takriban mwaka mmoja, kadhaa zikihusu programu inayoendesha gia boksi yake.

## Hatua ya 6: Kila rikoli iulize, kipande kiko wapi?

Sasa una orodha mbili za rikoli na ukurasa mmoja wa vipande. Chukua rikoli moja moja, uandike pembeni yake moja kati ya maneno haya manne.

"Kiko kwangu": hii ni kazi ya kufanya, haijalishi imetoka kwenye chasi ipi.

"Kimeondoka": kipande kilitoka na injini ya zamani. Andika tarehe injini ilipotolewa. Ukurasa wa kampuni utaendelea kukuonyesha rikoli hiyo miaka yote, na mwaka kesho utakuwa umesahau kwa nini uliipuuza.

"Hakikuja": ni ya gari mama, mfano breki au kioo, na haikuhusu.

"Haijulikani": fungua uangalie. Kwa kontroli boksi na koili, dakika thelathini zinatosha.

Neno juu ya injini yako ya zamani. Kama uliiuza, na rikoli yake ilikuwa haijafanyiwa kazi, mpigie aliyenunua umwambie. Mwandikie na namba ya chasi yako, kwa sababu sasa gari lako ndilo gari mama kwake. Kuna mtu atakayepanda mlima wa Lushoto na injini hiyo.

## Eabegi: usiiweke kwenye foleni

Nimeitenga kwa sababu kubadilisha injini hakuigusi kabisa, na kwa sababu tunaishi Tanga.

Eabegi za kampuni ya Takata zilizotangaziwa rikoli hujazwa hewa kwa kemikali inayoitwa amonia naitreti. Kemikali hiyo, ikikaa miaka kwenye joto linalopanda na kushuka pamoja na unyevu, huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo lake la chuma hupasuka, na vipande huruka usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele. Marekani pekee zaidi ya watu 25 wamekufa hivyo, na rikoli yake ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya magari. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Maeneo yenye joto na unyevunyevu ndiyo yaliyopewa kipaumbele, na gari linalolala nje Raskazone, jua la kaskazi mchana na umande wa bahari usiku, liko kwenye mazingira hayo hayo.

Ikiwa chasi yako ina rikoli ya eabegi ambayo haijafanyiwa kazi, fanya hivi. Wasiliana na wakala rasmi wiki hii. Mpaka ijibiwe, usimkalishe mtu mbele ikiwa ni ya upande wa abiria. Ikiwa ni ya usukani, punguza safari na usimpe gari mtu asiyejua. Usimruhusu fundi kuifungua wala kuipima waya zake kwa mita, maana umeme mdogo unatosha kuilipua. Na usinunue eabegi ya mtumba kama dawa: huenda imetoka kwenye gari lenye rikoli ileile, na imekaa kontenani na dukani kwenye joto lilelile.

## Hatua ya 7: Hakiki kwamba kazi ilifanyika

Magari ya Japani yaliyorekebishwa mara nyingi hubandikwa stika ndogo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ni msaada mzuri, ila baada ya kubadilisha injini inaweza kukudanganya. Stika iliyo mlangoni kwako inazungumzia injini iliyoondoka. Na stika ya injini uliyofunga ilibaki kwenye mlango wa gari mama. Kwa kazi za bodi iamini; kwa kazi za injini, itafute kwingine.

Marekebisho ya programu nayo yana mtego wake. Mwaka 2014 Toyota ilizitangazia rikoli Prius takriban milioni 1.9 duniani ili kubadilisha programu ya mfumo wa haibridi. Kazi kama hiyo haiachi kipande kipya cha kuonekana. Ikiwa boksi iliyorekebishwa ilitolewa ikawekwa ya mtumba, marekebisho yameondoka nayo, ingawa rekodi ya chasi yako inasema yamefanyika.

Ukienda kwa wakala, beba daftari, picha za namba zote mbili za chasi, na tangazo lenyewe. Sema tangu mwanzo kwamba injini si ya asili. Ukificha, atatafuta kwa chasi yako na kukupa jibu la injini isiyokuwepo. Uliza mambo mawili: kipande kilicho kwenye gari langu ni cha zamani au kilichorekebishwa, na kazi hii nitalipia? Kwa gari lililoingia nchini kama mtumba, usitegemee kwamba itakuwa bure. Uliza, na jibu lichukue kwa maandishi. Hata kama utalipia, kipande kipya sahihi kina thamani kuliko jibu la mdomo.

Umefaulu ukitoka na karatasi yenye tarehe, muhuri na namba ya kipande kilichowekwa.

## Hatua ya 8: Kadi na bima

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kadi ya gari ina namba ya injini, na badiliko lake hupelekwa TRA. Nenda ofisi yao ya hapa Tanga na kadi ya asili, risiti ya injini na namba zako, wakueleze utaratibu wa ukaguzi wa polisi na fomu. Kisha iandikie kampuni yako ya bima, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa upande wa rikoli faida ni moja: siku utakapopeleka gari kwa wakala, karatasi na chuma vitasema neno moja, na hakuna atakayesita kukuhudumia.

## Hatua ya 9: Rudia mara mbili kwa mwaka

Rikoli hutangazwa hata kwa magari ya miaka kumi na zaidi. Ya Subaru niliyoitaja ilitoka miaka mitano au sita baada ya magari kutengenezwa. Kwa hiyo utafutaji wa leo unazeeka.

Chagua siku usizoweza kuzisahau. Mimi huwaambia watu watumie siku ya kulipia bima, na miezi sita baada yake. Siku hiyo ingiza chasi zote mbili, linganisha na picha za mwisho, andika tarehe na jibu. Ni kazi ya dakika kumi, kwa kuwa hatua ya 2 na ya 3 hazirudiwi tena, isipokuwa fundi akihamisha kipande kingine. Akihamisha, siku hiyohiyo ongeza mstari kwenye ukurasa wa vipande.

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na mistari minne tu: chasi yangu, injini iliyomo na tarehe ilipofungwa, chasi ya gari mama, injini iliyotoka na ilikokwenda. Daftari likae kwenye droo ya dashibodi ndani ya mfuko wa plastiki, maana unyevu wa huku hauachi karatasi. Na ukiuza gari, mkabidhi mnunuzi daftari pamoja na kadi na funguo.